WALIOKUWA JUU YA CHUMA WALIONA KWANZA



Kuna neno moja ambalo wasimamizi wa kazi hulipenda sana. Mfanya kazi akiuliza habari ya jukwaa linaloyumba, au ya mnyororo wa kreni uliolika, huambiwa: "Wewe umeandikwa mikono. Kufikiri ni kazi ya watu wa ofisi." Baba zetu waliambiwa hivyo, nasi twaambiwa hivyo hivyo. Memba wetu mmoja, fundi wa kufunga nondo, alipomwonyesha msimamizi nguzo za mbao zilizopinda chini ya zege bichi, alijibiwa kwamba akitaka uinjinia aende kwanza chuo kikuu. Jina la tajiri huyo hatulitaji hapa kwa kuwa jambo lenyewe bado linazungumzwa mezani.

Sisi twasema kwamba neno hilo ni la uwongo, tena ni uwongo unaoua watu. Hatutalijibu kwa matusi. Tutalijibu kwa habari za madaraja na majumba makubwa ya chuma, yale yale ambayo waajiri hupenda kutuonyesha picha zake wakisema, "Tazameni kazi ya akili." Sawa, na tuyatazame.

Chama kinadai jambo moja: mtu aliye juu ya chuma awe na haki ya kusema SIMAMA, na kazi isimame mpaka jambo litazamwe, wala asipoteze kibarua chake kwa kusema hivyo. Waajiri hujibu kwamba tukipewa haki hiyo uvivu utavaa kanzu ya usalama, na majengo hayatakwisha. Sikilizeni basi.

Zamani jumba lilibebwa na kuta zake. Kadiri lilivyopanda ndivyo ukuta wa chini ulivyonenepa, mpaka vyumba vya chini vikakosa nafasi. Mafundi wa Chicago katika miaka ya 1880 walishika njia nyingine: kusimamisha kwanza mifupa ya chuma, yaani nguzo na boriti, kisha kuta zikategemea mifupa hiyo. Jumba la Home Insurance lililokamilika 1885 lilikuwa la ghorofa 10 tu, lakini njia ilikuwa imefunguka. Kufika 1931 mji wa New York ulikuwa na Empire State, jumba la ghorofa 102, urefu wake mita 381 bila kuhesabu mlingoti wa juu. Chuma chake kilianza kusimamishwa Machi 1930, na jumba likafunguliwa tarehe 1 Mei 1931. Tarehe hiyo kwetu ni Siku Kuu ya Wafanya Kazi, ingawa hatudhani kwamba wenye jumba walikusudia heshima hiyo.

Chuma hicho kilishikana kwa nini? Kwa ribiti, yaani misumari minene ya chuma isiyo na ncha, inayopitishwa katika tundu ikiwa nyekundu kwa moto. Watu wanne walifanya kazi pamoja. Wa kwanza alikuwa na jiko la makaa, akaichoma ribiti mpaka rangi yake iwe sawa, akaitoa kwa koleo na kumrushia mwenziwe hewani. Wa pili aliidaka kwa mkebe na kuitia tunduni. Wa tatu aliikaza kwa nyuma kwa chuma kizito, na wa nne akaipiga kwa nyundo ya upepo mpaka ikaota kichwa cha pili. Ikipoa hujikunja, na katika kujikunja hubana zile bamba mbili kwa nguvu kubwa.

Sasa tuulize. Ni nani katika hao wanne aliyeandikwa mikono mitupu? Mwenye jiko alijua kwa rangi tu kama ribiti ingeshika au ingekatika. Mpiga nyundo alijua kwa sauti yake. Mtu aliyeziba maelfu ya matundu hajui kwa hesabu, bali anajua kwa macho na masikio na viganja ni tundu gani halikai sawa, na tundu lisilokaa sawa ni habari ambayo chuma chenyewe kinampa. Injinia mwenye busara huitafuta habari hiyo. Mjinga huifukuza.

Na sasa tuje katika daraja moja la ribiti, kule Kanada, ambako habari hiyo ilifukuzwa.

DARAJA LA QUEBEC, 1907

Karibu na mji wa Quebec kuna mto mpana uitwao St. Lawrence. Palitakiwa daraja la gari moshi. Daraja la namna iliyochaguliwa husimama kwa mikono: kutoka kila nguzo kubwa ya mawe, mkono mmoja huelekea ufukoni na kufungwa chini, na mkono wa pili hunyoshwa juu ya maji bila kitu chini yake, mpaka mikono ya pande mbili ishike kipande cha katikati. Waskoti walikuwa wamejenga la namna hiyo juu ya ghuba ya Forth, likafunguliwa 1890, na nafasi yake kubwa ilikuwa mita 521 kutoka nguzo hata nguzo. Hili la Quebec lilikusudiwa kulipita.

Mkubwa wa mahesabu alikuwa Theodore Cooper wa New York, injinia mwenye sifa kubwa Marekani. Mwaka 1900 alishauri nafasi kati ya nguzo iongezwe kutoka mita 488 mpaka 549, ili nguzo ziwekwe pahali pa maji machache. Shauri lenyewe halikuwa baya. Ubaya ni kwamba urefu uliongezwa, lakini uzito wa daraja lenyewe haukuhesabiwa upya ipasavyo. Ndugu, daraja refu kama hilo mzigo wake mkubwa si gari moshi. Mzigo wake mkubwa ni mwili wake lenyewe. Injinia wa serikali ya Kanada alipotaka michoro ikaguliwe na mtu mwingine, Cooper alikataa, na serikali ikamwachia. Kufika 1906 ikajulikana kwamba chuma ni kizito kuliko kilivyoandikwa, na wakati huo kingi kimekwisha kukatwa na kingine kimekwisha kupanda. Cooper aliona nyongeza hiyo inavumilika. Kazi ikaendelea.

Yeye mwenyewe alikuwa mzee na mgonjwa, na tangu chuma kilipoanza kupanda hakufika darajani hata mara moja. Kampani ya kutengeneza chuma ilikuwa Phoenixville, katika Pennsylvania. Pale mtoni kwenyewe hapakuwa na mtu mmoja mwenye ujuzi na amri kwa pamoja. Macho yalikuwa Quebec, ulimi ulikuwa New York, na mkono wa malipo ulikuwa Pennsylvania.

Chukua ufito. Ukiuvuta ncha zake mbili, utavuta mpaka uchoke. Ukiusukuma ncha mbili zikutane, utapinda katikati na kuvunjika. Chuma ni hivyo hivyo. Katika daraja la mikono, vyuma vya juu vinavutwa na vya chini vinasukumwa. Boriti za chini za Quebec zilikuwa za mbavu nne za bamba za chuma zilizosimama sambamba, zikafungwa pamoja kwa vyuma vyembamba vilivyokingamana na ribiti zake. Mbavu zilikuwa nene. Vyuma vya kuzishika pamoja ndivyo vilikuwa dhaifu.

Mnamo Agosti 1907 mafundi walianza kuona mambo. Bamba zilizokuwa zikutane hazikukutana vizuri. Boriti za chini zilionyesha mapindo. Kijana aliyekuwa mkaguzi wa Cooper, Norman McLure, aliandika barua juu ya mapindo hayo. Watu wa kampani wakajibu kwamba huenda boriti zilipinda karakanani kabla ya kuja. Tazameni jibu hilo, maana mmelisikia: "Ilikuwa hivyo tangu zamani." Tarehe 27 boriti moja, iliyopewa alama ya A9L, ilipimwa ikakutwa imepinda inchi 2 na robo. Juma moja nyuma pindo lake lilikuwa robo tatu ya inchi. Ya karakanani haizidi ikiwa mahali pake!

Msimamizi mkubwa wa mafundi alisema kwanza kazi isimame. Asubuhi yake akageuza shauri, na wakubwa wa pale wakamkubalia, kwa sababu kusimamisha kazi kungewatia watu hofu. McLure akapanda gari moshi kwenda New York kumwona Cooper uso kwa uso. Alifika tarehe 29 kabla ya saa sita mchana. Cooper aliposikia vipimo alielewa mara moja, akapeleka simu ya kusema mzigo usiongezwe juu ya daraja mpaka jambo litazamwe. Lakini simu hiyo aliipeleka Phoenixville, si Quebec. Phoenixville waliisoma alasiri, wakakutana, wakakubaliana wangoje mpaka kesho asubuhi.

Kesho asubuhi haikufika. Saa kumi na moja na nusu kupita kidogo jioni ile ile, karibu na mlio wa kumaliza kazi, boriti za chini zilikunjika na mkono mzima wa kusini ukaanguka. Tani 19,000 hivi za chuma zilikuwa chini kwa sekunde 15. Juu yake walikuwa watu 86, na 75 walikufa. Wengine walibanwa na vyuma wakiwa hai, maji kujaa yakawakuta humo humo.

Thelathini na watatu kati ya waliokufa walikuwa Wamohawk wa kijiji kimoja, Kahnawake. Watu wa kijiji hicho walikuwa wameingia katika kazi ya chuma tangu 1886, na kwa siku moja kijiji kikapoteza waume na wana kwa kadiri hiyo. Makaburi yao yaliwekewa misalaba ya boriti za chuma. Baada ya msiba, kwa habari zinazosimuliwa huko mpaka leo, wanawake wa Kahnawake walitaka wanaume wasifanye tena kazi wote pahali pamoja. Basi wakatawanyika katika kazi nyingi, na wengi wao wakaenda kusimamisha majumba ya New York.

Tume ya serikali ilitoa ripoti 1908. Ilisema kuanguka kulitokana na udhaifu wa boriti za chini, na makosa ya hukumu ya Cooper na ya mchoraji mkuu wa kampani. Hatusemi kwamba Cooper alikuwa mtu mbaya. Alikuwa hodari, na ndiyo sababu habari zake zinatufaa. Kama mtu hodari namna hiyo aliweza kukosa, tutamwekea imani ya namna gani nyapara anayetuambia tunyamaze kwa kuwa "hesabu zimekwisha kufanywa"? Hesabu za Quebec nazo zilikuwa zimekwisha kufanywa.

Wanaosema kwamba kusimamisha kazi ni gharama, na wapige hesabu hii. Kusimama siku tatu kutoka tarehe 27 kungekuwa gharama ya mshahara wa watu 86 kwa siku tatu. Kutosimama kuligharimu watu 75, daraja zima, na miaka 10, maana daraja la pili lilikamilika 1917 tu. Hilo la pili nalo lilikula watu: Septemba 1916 kipande cha katikati kiliporomoka mtoni kikiwa kinainuliwa, wakafa 13. Leo linasimama, na nafasi yake ya mita 549 haijapitwa na daraja jingine lolote la mikono. Wageni hulipiga picha.

"HAYO NI YA ZAMANI"

Hapo mwajiri atasema: hayo ni mambo ya wazee wa 1907, siku hizi kuna ujuzi. Basi tuhesabu miaka mbele.

Melbourne, Australia, 1970. Lilikuwa likijengwa Daraja la West Gate, la masanduku ya chuma. Juni mwaka ule daraja la namna hiyo hiyo, lililochorwa na wainjinia wale wale, lilianguka Milford Haven kule Wales, wakafa watu 4. Wafanya kazi wa Melbourne wakauliza swali la haki: na letu je? Wakaelezwa kwamba lao ni salama. Lakini nusu mbili za kipande kimoja cha mita 112, zilizotengenezwa mbalimbali kisha zikainuliwa, hazikukutana. Moja ilikuwa juu ya mwenziwe kwa sentimita 11 na zaidi. Ili kuishusha wakaipandishia mawe 10 ya zege, kila moja tani 8. Chuma kikavimba. Ili kuondoa uvimbe wakaanza kufungua bolti. Tarehe 15 Oktoba, saa sita kasoro dakika kumi mchana, kipande kile cha tani 2,000 kilianguka. Wakafa watu 35. Baadhi yao walikuwa katika vibanda vya mapumziko ambavyo vilikuwa vimewekwa chini yake hasa.

Injinia aliyewahakikishia watu usalama alikuwa juu ya daraja, naye akafa. Tunamtaja kwa heshima. Hakuwadanganya kwa makusudi. Aliamini karatasi. Wala hatufichi kwamba tume ya uchunguzi iliandika pia kwamba magomvi ya kazi yalichelewesha ujenzi. Waajiri hulipenda fungu hilo la ripoti. Lakini hakuna mgomo uliofungua bolti zile, na lawama kubwa tume iliwapa waliochora daraja na waliosimamia ujenzi wake. Kila mwaka tarehe hiyo, saa hiyo hiyo, wafanya kazi hukutana chini ya daraja kuwakumbuka.

Mtu atasema tena: 1970 kompyuta zilikuwa chache. Haya, Miami, Marekani, 15 Machi 2018. Daraja la waenda kwa miguu la chuo kikuu kimoja, la zege, lilikuwa limewekwa juu ya barabara siku tano tu. Nyufa zilionekana, zikapigwa picha, picha zikapelekwa. Asubuhi ya siku ile ile wakubwa walikaa mkutano juu ya nyufa hizo, wakaelezwa kwamba hakuna hatari. Mchana, mafundi wakiwa juu wanakaza vyuma vya ndani na magari yakipita chini, daraja likaanguka. Watu 6 walikufa, mmoja wao mfanya kazi na wengine walikuwa ndani ya magari yao. Wachunguzi wa serikali walikuta kosa la hesabu, na tena wakalaumu kila upande uliokuwa pale kwa kuwa hapana aliyesimamisha kazi wala kufunga barabara.

Linganisheni na Quebec. Miaka 111 kati yake. Ishara ilionekana, ilipimwa, iliandikwa, ilizungumzwa, na amri ya kusimama haikuwa mikononi mwa mtu aliyeiona.

Na huku kwetu tusijifanye wageni. Juni 2017 Daraja la Sigiri juu ya Mto Nzoia, Budalangi, lilianguka kabla halijakamilika, na watu wakaumia. Wananchi wa pale walikuwa wameomba daraja kwa sababu ya kuzama kwa mashua. Hatuna haja ya kwenda Kanada kutafuta chuma kilichopinda.

WAVU

Waajiri wengine husema ajali ni mapenzi ya Mungu, na kazi ya juu lazima ile watu. Katika miaka ya 1930 wajenzi wa Marekani walikuwa na kipimo chao kabisa: kwa kila dola milioni moja za kazi, mtu mmoja atakufa. Waliandika hivyo kama mtu anavyoandika mifuko ya saruji.

Daraja la Golden Gate kule San Francisco lilijengwa kutoka 1933 mpaka 1937 kwa dola milioni 35 hivi. Kwa kipimo hicho wangekufa 35. Lakini chini ya kazi uliwekwa wavu mkubwa, wa gharama ya dola 130,000 hivi, na watu wakalazimishwa kuvaa kofia ngumu. Watu 19 walianguka katika wavu wakatoka hai. Mpaka Februari 1937 alikuwa amekufa mmoja tu. Kisha tarehe 17 ya mwezi huo jukwaa zito lilikatika likapasua wavu, wakafa 10 kwa mara moja. Jumla 11. Wavu haukumaliza kifo, lakini ulionyesha kwamba "mapenzi ya Mungu" yale yalikuwa yanapungua sana mtu akitoa fedha.

Tukiwa hapo, mjue hili pia. Hesabu nyingi za daraja hilo zilifanywa na injinia mmoja, Charles Ellis. Mkubwa wake, Joseph Strauss, alimwondoa kazini 1931, na daraja lilipofunguliwa jina la Ellis halikuwamo katika sifa. Hata mwenye kalamu na vitabu hunyang'anywa jina. Sembuse mwenye nyundo. Mnara wa Eiffel kule Paris umeandikwa majina 72 ya wataalamu wa Ufaransa kuuzunguka. Ni vema. Lakini wale mafundi wapatao 300 walioufunga kwa ribiti milioni mbili na nusu hawamo. Waligoma mara mbili mwaka 1888, kwa kuwa mnara ulipanda na baridi ikazidi na malipo hayakupanda nao. Mara ya kwanza wakapata nyongeza. Hilo nalo halikuandikwa mnarani.

Ndugu zetu wengi siku hizi wanakwenda Ghuba kutafuta kazi, na huko liko jumba refu kuliko yote duniani, Burj Khalifa la Dubai, mita 828, la zege kwa sehemu kubwa na chuma juu yake. Lilifunguliwa Januari 2010. Machi 2006 wafanya kazi wapatao 2,500 wa jumba hilo na viwanja vya karibu waliinuka kwa hasira juu ya mishahara na namna walivyotendewa. Walikuwa katika nchi isiyoruhusu vyama vya wafanya kazi. Anayetaka kujua faida ya kadi ya chama na amuulize aliyerudi kutoka huko.

SASA TUFANYEJE

Haki tunayoidai haiko mbali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu lazima amwarifu msimamizi wake upesi, na mwenye kazi hana ruhusa ya kumrudisha mtu pahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Sheria hiyo hiyo inataka kamati ya usalama pahali pa kazi penye watu 20 au zaidi, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao humo. Kwa hivyo yule nyapara wa "umeandikwa mikono" hapingani nasi tu, anapingana na sheria. Lakini sheria iliyoko kabatini Nairobi haisikiki juu ya jukwaa la ghorofa ya 12. Katika viwanja vingi kamati haiko, au iko ya jina, mwenyekiti wake ni mwajiri na karani wake ni mpwa wa mwajiri. Na kibarua wa siku ataisemaje hatari asubuhi, wakati jioni atafutwa bila hata sababu?

Ndiyo maana katika mapatano tunayokwenda kuyafanya na waajiri tumeweka fungu hili mbele ya nyongeza ya nauli, na kuna memba walionung'unika. Tunataka iandikwe wazi kwamba anayesimamisha kazi kwa hatari atalipwa saa zile, na kwamba mjumbe wa wafanya kazi katika kamati ya usalama achaguliwe na wafanya kazi wenyewe kwa kura. Mwajiri akisema atakubali la kwanza na kukataa la pili, hatutatia sahihi.

Wakati mapatano yanangojewa, kila tawi na lifanye hivi. Nunueni daftari. Mtu akiona jukwaa limelegea, nguzo imepinda, bolti haipo, ufa umeonekana, asiseme kwa mdomo tu. Aandike siku, saa, pahali, alichokiona, na jina la aliyemwambia. Kama kitu kimepimika kipimwe, na kesho yake kipimwe tena, maana mlisoma habari ya inchi zile za Quebec. Asiyejua kuandika na aandikiwe na mwenziwe. Karatasi ziwe mbili. Ya kwanza apewe msimamizi mbele ya shahidi. Ya pili iletwe katika ofisi ya chama siku ile ile, isingoje kesho asubuhi.